Msimu Nilipomposa Mama Mkwe Wangu

Wajukuu zangu, pamoja na nyinyi wasichana wa kanisani ambao vidole vimeanza kuwawasha kwa hamu ya pete, nawatangazia kwamba nimestaafu. Nilijistaafisha mwenyewe asubuhi moja baada ya uji. Niliegemeza jembe nyuma ya mlango, nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikamwambia mume wangu, Baba Akinyi, kwamba kuanzia leo mimi ni mstaafu. Akaniuliza, "Sasa chai ya saa nne italetwa na nani?" Nikamwambia swali hilo alilete kwa maandishi. Nilistaafu kwa muda wa saa tatu hivi, kisha ndama akaingia kwenye mihogo, nikarudi kazini mbio. Tangu hapo nastaafu karibu kila wiki, na nazidi kuwa hodari.

Kazi yenyewe mnaijua, ingawa hakuna aliyewahi kuiita kazi. Nilitoka kwetu Rongo nikaolewa huku upande wa Kendu Bay, ndiyo maana hadi leo naitwa Nyar Rongo, binti wa Rongo, kana kwamba niliingia jana na mzigo wangu ungali kichwani. Nimelima, nimezaa, nimekamua, nimeuguza. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kijaluo chenu ni cha kuomba maji tu, na mkishaletewa hayo maji hamjui kushukuru.

Kabla sijasahau, maana nami naanza kusahau, shikeni haya. Mbegu ya mahindi hutolewa katikati ya gunzi. Punje za kichwani na za mkiani wapeni kuku. Mzee asiyetaka kula msimlishe kwa nguvu. Kaa karibu naye na sahani yako, kula kwa raha, usimkaribishe. Atakunyang'anya. Asiyetaka kuoga, mwambie kuna mgeni anakuja kutoka mbali, naye ataulizia sabuni mwenyewe. Dawa chungu huingia ndani ya ndizi mbivu, lakini hakikisheni ndizi hiyo hailiwi na mume wenu. Baba Akinyi aliwahi kumeza dawa ya presha ya mamake akalala kwenye kochi siku nzima, na mpaka leo anasema ile ndizi ilikuwa na kitu.

Mamake ndiye ninayetaka kuwasimulia. Jina lake Turfosa. Mimi nilimwita Mama, na boma zima lilimwogopa.

Ni lazima kwanza mjue desturi yetu ya kupanda, maana najua mmekua mkinunua unga wa pakiti. Katika boma la Wajaluo, mama mwenye boma ndiye anayetoa mbegu kwanza. Akishapanda, hata kama ni mstari mmoja tu, ndipo anafuata mke wa mwana mkubwa, ambaye ni mimi, kisha wengine kwa mpangilio wao. Ukimruka, wanasema itawapata chira, ule mkosi wa kuvunja mwiko. Mimi ni Msabato na chira siiogopi. Ninayemwogopa ni Mama Otis, mke wa shemeji yangu. Mtu akivunja mwiko halafu hata paka akakohoa, Mama Otis anajua sababu, na kabla ya jioni soko zima linajua.

Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikosea palepale. Mvua ilinyesha, na asubuhi nikamwona Mama anarudi kutoka shambani, jembe begani, matope hadi magotini. Nikajua ameshapanda. Nami nilikuwa na kile kiherehere cha bibi arusi cha kutaka kuonekana mchapakazi, basi nikabeba mbegu, nikapanda mistari minne kabla hata chai haijachemka. Kumbe Mama alikuwa ametoka kumfukuza mbuzi wa jirani.

Alinikuta nafukia wa nne. "Umefanya nini?"

"Nimepanda, Mama."

Akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu anayetaka kuvuka barabara kuu ya Rongo. Kisha akapiga magoti kando yangu, akasema neno moja tu: "Fukua."

Tukafukua, mimi na yeye, kwa vidole, punje kwa punje, tukizirudisha kwenye kibuyu. Ya mwisho haikupatikana. Kulikuwa na kuku mwekundu amesimama hapo, amefumba jicho moja. Mama alimtazama kwa muda mrefu. "Huyo tutamla Ijumaa," akasema, "akajibu mwenyewe huko mbele." Halafu akaenda upande wake, akapanda mstari wake akiimba wimbo wa kanisani, akarudi akapangusa mikono kwenye leso. "Sasa panda." Hakumwambia mtu. Hakumwambia mumewe, hakumwambia mwanawe, na miaka yote niliyoishi naye akinigombeza kwa sababu ya chumvi, kuni, na jinsi ninavyofagia, hilo hakulitaja hata siku moja tuliyokosana vibaya.

Sasa ruka miaka mingi. Mzee wake alifariki, tukamzika pale mbele ya nyumba, na baada ya hapo akili ya Mama ikaanza kutembea peke yake. Biblia tuliikuta kwenye pipa la unga. Chumvi aliitia kwenye chai, tena akaisifu. Mimi aliniita majina yote, dada yake, mwalimu wake, mjakazi mpya. Siku moja alinisalimu kwa heshima zote kama chifu, akavuta kiti, akanishtakia mimi mwenyewe. Alisema kuna mwanamke mmoja wa Rongo hapa bomani anamlazimisha kuoga. Nikamwahidi nitamchukulia hatua kali huyo mwanamke. Alifurahi sana, akakubali kuoga.

Nilimpenda. Neno hilo naliandika wazi kwa sababu sikuwahi kumwambia wakati angeweza kulishika, na hilo linaniuma mpaka leo.

Basi mwaka huo mvua ndefu ikaja vizuri, udongo ukalainika, na watu wote wakatoka na majembe. Nikampelekea Mama mbegu kwenye sinia. Akazitazama, akanitazama, akasema kwa huruma, "Mwanangu, leo ni Sabato."

Ilikuwa Jumatatu.

Jumanne, Sabato. Jumatano, Sabato. Alisahau watoto wake, akasahau njia ya choo, lakini Sabato hakuisahau, tena aliiongeza. Wiki ikapita. Mama Otis akaja na wazo lake, kwamba tuziweke tu mbegu mkononi mwake, aziachie zianguke, itahesabika. Tukamketisha ukingoni mwa shamba, tukamjazia mbegu viganjani. Akaita, "Kuru kuru kuru!" na kuku wa boma zima wakaja wakasafisha kila punje. Mama Otis akashika kiuno. "Nyar Rongo, hiyo nayo ni kupanda?"

Nikamwita mzee wa kanisa. Alikuja kwa boda boda, amebeba kalenda ya ukutani, akamwonyesha Mama kwa kidole kwamba leo ni Jumanne. Mama akamwambia, "Kalenda ni ya watu, Sabato ni ya Mungu." Mzee akavua kofia. Mama akamwomba aanzishe wimbo. Ziliimbwa tatu, pakawa na sala, kisha na somo fupi ambalo halikuwa fupi. Alipopanda boda boda kurudi, alitupungia mkono akasema, "Sabato njema!"

Akinyi wangu akapiga simu kutoka Nakuru. "Mum, si mpande tu? Nani atajua?" Nikamwambia Mama Otis atajua, na Mama Otis akijua, hata samaki wa ziwani watajua.

Nacheka sasa, lakini siku zile sikuwa nacheka. Mahindi yanayochelewa huku hukutana na jua kali yakiwa yanatoa maua, na ghala letu lilikuwa limebaki na vumbi na panya mmoja aliyekonda. Mama Otis akaja tena, safari hii na mumewe. Wakakaa kwetu, wakanywa chai yangu yote, ndipo akatoa lililomleta.

"Mahindi ya jirani iko magotini, yetu iko kwa gunia," akasema. "Wazee wakuje Jumapili. Waseme tu Mama hawezi tena, nafasi yake ipewe Nyar Rongo. Apande yeye kwanza. Yaishe."

Mnaelewa maana yake? Wazee wangekaa mbele ya nyumba ya Mama, akiwa hai, akiwa anakunywa uji, watangaze kwamba boma halina mama. Halafu mimi, niliyefukuliwa mbegu na yeye akanificha, nipite mbele yake na jembe. Ilikuwa ni kupandishwa cheo, na sijawahi kuchukia cheo namna ile. Nikamtazama Baba Akinyi amkatalie ndugu yake. Baba Akinyi akatazama dari. Dari yenyewe hatuna.

Nikaingia jikoni nikalia, nikausingizia moshi, na moto ulikuwa haujawashwa.

Alhamisi, maana Ijumaa ni ya maandalizi na Sabato ya kweli inafuata, nikampelekea Mama mbegu kwa mara ya mwisho. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya paa la jikoni, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri. Nikajiandaa kuambiwa ni Sabato. Akazisukuma mbegu taratibu.

"Mimi ni msichana wa watu," akasema. "Nimekuja hapa kutembea tu. Sijaolewa. Nitapandaje shamba la watu?"

Na kwa desturi, wajukuu zangu, alikuwa na haki kabisa. Mgeni hapandi shamba la watu. Nikasimama pale na sinia langu, na sijui ni Mungu aliyenipa au ni njaa, nikaliweka sinia chini, nikarudi nyuma hatua tatu, nikaja upya kama mtu anayeingia boma geni.

"Hodi hapa. Mimi ni jagam," nikasema, yaani mshenga, yule mtu wa kati anayemtafutia kijana mchumba. "Nimetumwa. Kuna kijana amekuona."

Mama akajinyoosha mgongo. Naapa, miaka arobaini ilimtoka usoni. "Kijana wa wapi?"

"Wa boma hilihili."

"Ni mrefu?"

Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa wa kunifika begani. "Mrefu," nikasema. "Mlangoni anainama."

"Anakunywa?"

"Chai." Hapo nilitubu moyoni palepale.

"Mbona hakuja mwenyewe?"

Kaburi lake lilikuwa hatua ishirini kutoka pale, limeota majani mazuri ambayo mimi ndiye hukata. "Amepumzika kidogo," nikasema.

"Mchana huu?" Mama akakunja uso. "Jagam, umeniletea mvivu!"

Nikaona posa inaharibika. Nikasema haraka kwamba alifanya kazi sana tangu alfajiri, na kwamba ana ng'ombe sita. Mama akauliza wako wapi, maana ng'ombe wa maneno hawatoi maziwa. Tulikuwa nao wawili. Nikamkonyeza Baba Akinyi, aliyekuwa amesimama kwenye kona mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane alinielewa bila kurudiwa. Akawafungua ng'ombe, akawapitisha mbele yetu, mwekundu na wa madoa, wakazunguka nyuma ya nyumba, wakapita tena. Mama alikuwa anahesabu kwa vidole. Mara ya tatu Baba Akinyi alikuwa anahema kuliko ng'ombe.

"Huyu mwekundu nimemwona," Mama akasema.

"Ni pacha wake, Mama."

"Na huyo wa kwanza?"

"Walizaliwa watatu."

Akafikiri sana juu ya ng'ombe huyo aliyezaa watatu. Mwishowe akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanivuta mkono nikae chini karibu naye, akashusha sauti kama wasichana wanavyofanya wakiogopa jambo.

"Jagam, niambie ukweli. Mama mkwe wa huko yukoje?"

Uongo wote niliokuwa nao ulinikauka kinywani.

"Ni mkali," nikasema. "Ana mdomo. Utapika mboga ataonja, atasema hukupika, umechemsha maji. Kuni zako hazitakuwa kavu kwake hata zikiwaka. Lakini siku utakayokosea kweli, kosa la kukufukuzisha, atapiga magoti kwenye matope pamoja nawe alirekebishe, na hatakuuza kwa watu. Hata kwa mumewe. Utamzalia mtoto wa kwanza ukiogopa, atalala chini kwenye mkeka karibu na kitanda chako siku arobaini, huku akikugombeza. Utamwogopa miaka mingi, halafu siku moja utaona kwamba ukipata habari njema, yeye ndiye unayemkimbilia kumwambia kwanza."

Baba Akinyi alikuwa amesimama na kamba ya ng'ombe, hatembei tena. Hata Mama Otis, aliyekuja kuchungulia ili apate cha kupeleka sokoni, alikuwa ameshika mdomo.

"Huyo ni mtu mzuri," Mama akasema. "Yuko hai?"

"Yuko hai, Mama."

"Basi mwambie kijana nimekubali. Lakini wewe jagam uje na mimi. Huko sijui mtu."

Nikamwambia nitakuja. Nikaliokota sinia.

Tukampeleka shambani kama bibi arusi. Mama Otis, kwa hiari yake mwenyewe, akapiga kigelegele, na chake hakikusikika Homa Bay kwa sababu tu upepo ulikuwa unavuma upande mwingine. Mama akashika jembe. Mimi nilidhani itabidi nimshike kiwiko, lakini mikono ilikuwa haijasahau chochote. Alipiga shimo, akatupia punje mbili, akafukia kwa kisigino, akapiga hatua moja, akapiga shimo. Bila kamba, na mstari ukanyooka kuliko nyinyi mnavyochora na rula. Niliweka kidole kinywani nikaomba asiite kuku.

Alifika mwisho wa mstari. Akaegemea jembe, akapangusa jasho, akaangalia shamba lote lile jeusi ambalo halijapandwa. Upande wa ziwa wingu lilikuwa limeshaanza kuteremka. Kisha akatutazama sisi tuliosimama kwa mpangilio na mbegu zetu, mimi mbele, Mama Otis nyuma yangu, akaonekana na wasiwasi wa bibi arusi mgeni.

"Jagam," akaninong'oneza, "mama mkwe wangu mbona hajatokea? Isiwe nimepanda kabla yake."

Nikamshika mkono uliokuwa na udongo. "Ameshapanda, Mama," nikamwambia. "Sisi ndio tulikuwa tunamngoja."

"Ala! Sasa mmesimama nini?" akasema. "Pandeni, msimkasirishe."

Tukapanda.